Kifungu cha Hali Njema

Imebaki miezi ishirini na mitatu.
Bi Delyth Prosser wa halmashauri
ameshuka garini na buti za mpira,
ngazi ya kukunja, tochi, na mkataba
wa kurasa mia tisa na kumi na nne
ndani ya mkoba wa sokoni wenye picha ya bata.

Mimi ni Ifor. Naitunza shule hii, bondeni hapa Wales,
tangu rangi ya kwanza haijakauka.
Beji yangu imebadilika mara nne:
kampuni iliiuzia kampuni, nayo ikaiuzia nyingine,
nyingine ikauuzia mfuko wa pensheni
wa walimu wa nchi nisiyowahi kuikanyaga,
na kila mara nilipewa shati jipya
na ufagio uleule.

Siku ya mwisho, mkataba wasema,
jengo lirudi mikononi mwa halmashauri
likiwa katika hali njema.
Delyth amelipigia mstari neno njema
mpaka karatasi ikatoboka.
Njema kwa nani? ananiuliza.
Wanasheria wa kampuni wameshajibu: njema kwa umri wake.
Mama yangu ana miaka tisini na mmoja, namwambia,
naye ni mzima kwa umri wake,
ila hakuna anayemtuma kupanda paa.

Tunahesabu milango. Mia tatu na sita.
Kwenye orodha ni mia mbili na tisini.
Kumi na sita imezaliwa, anasema, wala hacheki.
Mchoro wa mabomba: "umeambatishwa".
Tunafunua. Ukurasa mweupe, kama theluji
isiyokanyagwa na fundi yeyote.

Nyuma ya maabara, ukutani, kuna ufa.
Mwaka wa kwanza uliingiza ukucha.
Sasa unaingiza funguo za gari.
Nimeuripoti mara kumi na moja,
na mara kumi na moja kompyuta imenijibu: Imeshughulikiwa.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini aliyesema hakusema
nani atoe fedha
ikiwa ufa ni wa kampuni
na ukuta, kuanzia Agosti ile,
ni wenu.

Kengele. Watoto wanamiminika.
Cerys wa kidato cha kwanza, soksi moja chini,
anauliza kama shule inauzwa.
La, inarudi, Delyth anamjibu.
Kwani ilikuwa imekwenda wapi?
Delyth anafungua mdomo. Anaufunga.
Anaandika kitu pembezoni mwa ukurasa.

Saa tisa mvua inaanza. Nampeleka
kwenye kabati la mafagio, chini ya ngazi:
vali ya maji ya moto
ambayo haimo kwenye mchoro wowote.
Fundi aliyeifunga alikuwa na haraka, au na pombe,
kwa hiyo hii huifungi mpaka uifungue.
Atakayeizungusha kama vali nyingine za dunia
ataoga yeye na ukumbi wa mitihani.
Anaigusa kwa kidole kimoja.
Hii imeandikwa wapi?

Mfukoni nina daftari. Jalada la bluu,
nililinunua kwa pesa yangu, na ni la saba:
kila tone na tarehe yake,
jina la fundi aliyekuja
na la yule tuliyemngoja.
Kifungu cha arobaini na mbili chataka
kumbukumbu zote zikabidhiwe.
Hakisemi lolote kuhusu mimi.
Shati la tano lipo, au halipo?
Nilimuuliza asubuhi. Alikuwa mkweli:
Ifor, bado hatujafika kwenye watu.
Tuko kwenye milango.

Mvua inazidi. Korido ya juu,
dari nyeupe, kavu, iliyopakwa rangi wiki jana
kwa ajili yake. Anataka kuiwekea alama ya vema.
Nampa ndoo ya kijani.
Iweke hapo, chini ya dirisha la pili,
kisha uhesabu mpaka kumi.

Alikuwa amefika sita.